Ngomeni na Nyota Zinazolipuka

Tarehe 3 Agosti 1975, mtambo wa Chuo Kikuu cha Leicester uliofungwa ndani ya setilaiti ya Uingereza iitwayo Ariel 5 ulinasa kitu ambacho siku chache nyuma hakikuwapo. Katika kundi la nyota la Monoceros, jirani na Orioni, palikuwa pameanza kumwagika mionzi ya eksirei, na kila siku ilizidi. Kabla mwezi haujaisha, chanzo hicho, kilichopewa jina A0620-00, kilikuwa kimeipita Scorpius X-1, iliyokuwa ikiongoza, na kuwa kikali kuliko vyanzo vyote vya eksirei angani, ukiliondoa Jua. Baadaye kikaanza kufifia, na baada ya miezi kadhaa kikatoweka.

Ariel 5 haikurushwa kutoka Uingereza wala Marekani. Ilipaa tarehe 15 Oktoba 1974 kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni, katika Ghuba ya Ungwana, pwani ya Kenya.

Anayetoka Malindi huvuka daraja la Mto Sabaki, akapita Mambrui na Gongoni penye mashamba ya chumvi, kisha hukata kulia kufuata bahari. Akifika ufukweni huyaona majukwaa mawili kwa macho. San Marco ndilo jukwaa lililobeba roketi, na Santa Rita ndilo lililobeba waongozaji. Yalisimamishwa na Waitalia katika miaka ya 1960 chini ya mhandisi Luigi Broglio, na kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilitoka hapo hadi kwenye obiti, zote kwa roketi za Scout za Marekani.

Mahali hapa hapakuchaguliwa kwa bahati. Ngomeni iko karibu nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, ambako Dunia huzunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa upande huo hupewa kasi hiyo bure, na vipande vyake huangukia baharini bila kumdhuru mtu. Lakini kwa wachunguzi wa nyota kulikuwa na faida kubwa zaidi. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya ukanda wa chembe kali ulio juu ya Atlantiki ya Kusini, chembe ambazo huvivuruga vihesabio vya mionzi. Na eksirei za nyota haziwezi kuchunguzwa kutoka ardhini hata kidogo, kwa sababu hewa yetu huzizuia zote. Hadi 1970 wanasayansi walikuwa wakitegemea hasa roketi ndogo zilizochungulia nje ya hewa kwa dakika chache kisha zikaanguka. Kwa dakika chache utajuaje kama nyota inabadilika?

Jibu lilipaa mchana wa tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya wakisherehekea miaka saba ya uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani peke yake, na ndiyo setilaiti ya kwanza ya Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine. Katika makaratasi iliitwa SAS-A. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyeusimamia mradi huo, aliipa jina jingine kwa heshima ya nchi mwenyeji na ya siku yenyewe: Uhuru. Jina hilo limo katika vitabu vya astronomia vinavyogusa eksirei.

Uhuru ilijizungusha polepole, mara moja kila dakika 12 hivi, ikilifagia anga ukanda baada ya ukanda hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Hata hivyo thamani yake haikuwa katika wingi huo. Uhuru ilionyesha kwamba anga ya eksirei haitulii. Chanzo kimoja, Centaurus X-3, kilipigapiga kila baada ya sekunde 4.8, kisha kila siku mbili na kidogo kilizimika kwa karibu nusu siku na kuwaka tena. Timu ya Uhuru, iliyoongozwa na Riccardo Giacconi, ilielewa maana yake: nyota ndogo ya nyutroni inajizungusha kwa kasi, huku ikizunguka nyota kubwa ambayo huipita mbele na kuificha. Kingine, Cygnus X-1, mwanga wake ulitikisika ndani ya sehemu ya sekunde, bila mpigo wowote wa kawaida. Kitu kinachobadilika upesi hivyo lazima kiwe kidogo sana. Mwaka 1971 eksirei zake zilipopungua ghafla, mawimbi ya redio yakaibuka mahali palepale, na kwa redio hizo wanaastronomia wakaifikia nyota yenyewe ya buluu inayozungushana na kitu kisichoonekana kila siku 5.6. Hilo ndilo shimo jeusi la kwanza ambalo dunia ililikubali. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Mgeni wa Malindi hupelekwa kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Ngomeni inastahili heshima kama hiyo, na kuizidi.

Je, kile kilichowaka Monoceros mwaka 1975 kilikuwa nini? Watafiti walirudi kwenye hazina ya picha za zamani za anga katika Chuo Kikuu cha Harvard, wakakuta kwamba nyota ileile iliwahi kuwaka mwaka 1917, na hakuna aliyeitambua wakati ule. Mwaka 1986 ilithibitika kuwa humo nyota ndogo ya kawaida inazunguka shimo jeusi kila baada ya saa 7 na dakika 45. Shimo huvuta gesi ya mwenzake, lakini gesi haitumbukii moja kwa moja. Hulizunguka na kutengeneza sahani. Kwa miaka mingi hujikusanya humo kimya kimya. Ikishazidi na kupata joto la kutosha, atomi zake za hidrojeni hupoteza elektroni, msuguano hukua, na gesi iliyosubiri kwa miongo huporomoka kwa miezi michache, kama Sabaki inavyojikokota wakati wa kiangazi kisha mvua za bara zikaishusha yote kwa mpigo.

Ngomeni hairushi tena roketi, lakini antena za kituo chake, kinachobeba jina la Broglio, zimeendelea kuzungumza na setilaiti. Hapo ndipo zilikuwa zikishushwa data za setilaiti ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004 kuwinda milipuko. Juni 2015 Swift iliishtukia V404 Cygni, shimo jeusi lililokuwa limetulia tangu 1989. Setilaiti ya IXPE, iliyorushwa Desemba 2021, nayo imetegemea antena hizo, na mwaka 2022 iliipima upya Cygnus X-1.

Mabadiliko mengine hayahitaji setilaiti. Betelgeuse, nyota nyekundu ya Orioni, ilififia waziwazi kuanzia mwisho wa 2019 hadi Februari 2020 baada ya kujifunika kwa vumbi ililolitoa yenyewe, na yeyote aliyesimama ufukweni Watamu aliweza kuiona ikififia. T Coronae Borealis, ambayo kwa kawaida haionekani bila darubini, ililipuka mwaka 1866 na tena 1946, na watazamaji wa dunia nzima wameichunga tangu hapo. Kutoka Kilifi, kundi lake husimama juu upande wa kaskazini jioni za Juni na Julai. Chama cha AAVSO, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911, hupokea makadirio ya mwangaza kutoka kwa mtu yeyote, popote alipo, na makadirio hayo hutumiwa na watafiti wakubwa. Mwambao huu, ulio karibu na ikweta, huona nyota za kaskazini na za kusini kwa pamoja. Watazamaji wa London au Cape Town hawana bahati hiyo.

Nyota ya kuanzia ni Algol. Iko kaskazini ya Kilimia, na kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 nyota hafifu huipita mbele, mwanga wake ukashuka hadi theluthi moja hivi, jambo lilelile ambalo Uhuru iliona kwa Centaurus X-3. Kupatwa huko huchukua karibu saa kumi, kuanzia kupungua hadi kurudi. Mtazamaji huchagua nyota mbili za jirani, moja inayoishinda Algol kidogo na nyingine inayoshindwa nayo, kisha huandika kila nusu saa Algol iko wapi kati ya hizo mbili. Desemba, usiku ambao kupatwa kunaanzia jioni, aliyeanza saa mbili usiku atakuwa na mchoro wa kushuka kwake kabla ya saa saba.