Gitaa safi la Metallica: utamu unapikwa hewani

Ukitaja Metallica, wengi wanawaza gitaa linalounguruma. Sawa, lakini sikiliza mwanzo wa "One", wimbo wa 1988: nota moja moja, laini, karibu ya kubembeleza. Sasa mbona wewe ukizima distoshoni unapata sauti kavu kama waya wa kuanikia nguo?

Anza na amplifaya. Kwa miaka mingi James Hetfield ametumia Roland JC-120, mashine ya Japani iliyotoka 1975, kwa sehemu hizi safi. Ni ya transista, na ndani zimo amplifaya mbili za wati 60, kila moja na spika yake ya inchi 12. Nguvu hiyo ina kazi: wimbi la umeme kutoka kwenye pikapu (si gari, ni sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi) linakuzwa bila kukatwa vilele. Vilele vikikatwa, ndipo mkwaruzo unapozaliwa.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni korasi yake. Ukiiwasha, spika moja inatoa sauti kama ilivyo. Ya pili inatoa nakala iliyocheleweshwa milisekunde chache, na ucheleweshaji wenyewe hautulii, unaongezeka na kupungua. Kumbuka king'ora cha ambulensi: ikikusogelea sauti iko juu, ikikupita inashuka, maana muda wa sauti kukufikia unabadilika. Hapa hakuna kinachotembea, ila muda unabadilika vilevile, basi nakala nayo inapanda na kushuka kidogo. Tuseme nota ni hezi 440 na nakala imefika 441. Zikikutana, sauti inavimba na kufifia mara moja kila sekunde. Ni mambo ya kwaya: waimbaji watano hawapati nota ileile kwa usahihi kamili, na utamu uko hapo hapo.

Ila zinakutana wapi? Chumbani, hewani, si ndani ya mashine. Hili nililijifunza kwa taabu. Niliwahi kurekodi amplifaya ya aina hii kwa maiki moja mbele ya spika moja, jioni nzima, nikilaumu nyuzi, kebo, hadi vidole vyangu. Chumbani raha tupu. Kwenye rekodi, gitaa kavu. Nilikuwa nimenasa nusu tu! Ningehamia spika ya pili ningepata sauti inayoyumba kama kaseti iliyolegea.

Huna amplifaya hiyo? Si lazima. Kwenye programu yoyote ya kurekodi, nakili treki ya gitaa safi, weka ya asili kushoto na nakala kulia, kisha nakala pekee iwekee vibrato ndogo. Sikiliza kwa hedifoni ambazo masikio yote mawili yanafanya kazi, tafadhali. Kwenye simu yenye spika moja hizo mbili zinajumlishwa, na hesabu inageuka: ucheleweshaji wa milisekunde 5 unafuta hezi 100, 300, 500 na kuendelea, kwa sababu hapo mawimbi mawili yanapingana. Ucheleweshaji ukiyumba, mashimo hayo nayo yanahama, na unasikia kama upepo unapita ndani ya gitaa.