Nasaba, Ukame na Majira ya Maua katika Miombo ya Kigoma

Ifikapo mwezi wa Septemba, nyanda za juu za Kasulu na Kibondo huwa zimekauka. Mvua zilikoma mwezi wa Mei, nyasi nyingi zimeungua, na mvua mpya hazitarajiwi kabla ya Oktoba au Novemba. Hata hivyo, wakati huo huo ndipo misitu ya miombo inapovaa majani mapya, mengi yakiwa mekundu, na baadhi ya miti huanza kuchanua. Je, mti huwezaje kutoa maua wakati ardhi haina maji? Na ni kitu gani kinachouamuru uchanue sasa, wala si baadaye?

Jibu la swali la kwanza limo ardhini. Mizizi ya miti hiyo hushuka hadi kwenye tabaka za udongo zenye unyevu uliobaki baada ya mvua zilizopita, na shina nalo huweka akiba ya maji. Joto linapoongezeka mwishoni mwa kiangazi, mti huanza kuitumia akiba hiyo bila kungoja mvua. Mimea midogo ya msimu mmoja haina akiba kama hiyo. Sharti iote, ichanue na kuzaa mbegu kabla udongo haujakauka.

Swali la pili lina majibu mawili. La kwanza ni nasaba. Spishi hurithi tabia kutoka kwa spishi zilizozitangulia katika mageuko, kama vile mtoto arithivyo sura ya wazazi wake. Mwaka 1986 wataalamu J. P. Kochmer na S. N. Handel walilinganisha mimea ya majimbo ya Carolina, nchini Marekani, na ile ya Japani. Ingawa nchi hizo zimetengwa na bahari kuu, mimea ya familia moja ilielekea kuchanua katika majira yanayofanana.

Jibu la pili ni ukame. Mwaka 2007 Steven Franks na wenzake walieleza jaribio lao juu ya haradali mwitu ya California. Walipanda pamoja mbegu zilizokusanywa mwaka 1997 na nyingine zilizokusanywa mwaka 2004, baada ya miaka kadhaa ya ukame. Kizazi kilichotokana na mimea iliyopitia ukame kilichanua mapema zaidi, kwa siku zipatazo 2 hadi karibu 9. Mimea yenye kuchelewa ilikuwa imeacha mbegu chache. Ile yenye kuwahi ndiyo iliyorithisha tabia yake.

Katika miombo nguvu hizo mbili huonekana pamoja. Mtundu na myombo, ambayo ni ya jenasi moja ya Brachystegia, huchanua karibu na mwisho wa kiangazi. Lakini Julbernardia globiflora, ndugu yao wa karibu katika familia ya kunde, huchanua wakati wa mvua, kati ya Januari na Mei. Mninga, ambao ni wa tawi la mbali la familia hiyo hiyo, huchanua karibu pamoja na mtundu. Basi nasaba huelekeza, lakini haiamui peke yake.

Tofauti hiyo ina thamani kubwa kwa warina asali, kwani huwapa nyuki majira mawili ya chakula. Tangu miaka ya 1990 misitu ya wilaya hizo imekatwa kwa ajili ya mashamba, mkaa na kuni, zikiwamo kuni za kambi za wakimbizi. Anayemaliza miti ya jenasi moja hapunguzi idadi ya miti tu. Huenda akafuta msimu mzima wa asali. Tena, ikiwa joto na ukame vitabadilika, ndugu wanaofuata ishara moja wanaweza kuhama pamoja, na nyuki wakakuta pengo la njaa.

Shule zaweza kuchangia elimu hii kwa gharama ndogo. Wanafunzi na wachague miti 10 ya spishi mbalimbali, waitie alama, na kila juma waandike tarehe, mvua iliyonyesha, na hali ya majani na maua. Daftari hilo lirithishwe darasa hadi darasa. Mwaka mmoja utaonyesha majira tu. Miaka 10 itaanza kuonyesha ni mti upi unaotii nasaba na ni upi unaofuata mvua.