Treni ya mezani husimama upesi, ya relini haisimami
Mezani, kichwa cha treni ya mizigo cha SD40-2 kina urefu wa sentimita 24 tu, kwani mfano huo umepunguzwa mara 87. Mtoto akizima umeme, unasimama mara moja. Chenyewe, kilichoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1972, kina urefu wa mita 21, uzito unaozidi tani 160 na injini ya dizeli yenye nguvu ya farasi 3,000. Kikivuta mabehewa yaliyojaa kwa kasi, kinaweza kupita zaidi ya kilomita moja baada ya dereva kufunga breki. Mzazi, mweleze mwanao tofauti hiyo wakati anacheza: dereva anaweza kukuona relini na bado asiweze kusimama.