Mpiga dramu hulinda mwendo wa bendi, masikio yake nani anayalinda?

Ukumbini macho ya wengi huenda kwa mwimbaji na mpiga gitaa la solo. Aliyekaa nyuma, nusu amefichwa na matoazi, mara nyingi hutajwa mwisho bendi inapotambulishwa. Wenzake jukwaani ndio wanaojua uzito wake: gitaa likikosea noti moja wimbo unaendelea, lakini dramu zikipoteza mwendo bendi nzima inayumba.

Yeye na mpiga besi ndio wanaoweka msingi. Ndiye pia anayetoa ishara. Mapigo machache ya haraka, na kila mmoja anajua kwamba ubeti umekwisha, sasa ni sebene. Katika dansi la Congo na Afrika Mashariki jukumu hilo lilikua zaidi baada ya Zaiko Langa Langa kuanzishwa Kinshasa mwaka 1969. Vijana wale waliacha tarumbeta na kuzipa dramu nafasi kubwa. Mpigo wa kavacha, unaohusishwa na mpiga dramu wao Meridjo Belobi, ulisambaa hadi Nairobi na Dar es Salaam.

Lipo jukumu jingine lisilosemwa sana: kiwango cha kelele. Dramu zikipigwa kwa nguvu, mpiga gitaa huongeza sauti ili ajisikie, mwimbaji naye anataka spika ipandishwe. Ukumbi mzima unaishia kupiga kelele kumfuata mtu mmoja. Mpiga dramu mzuri hujua kupiga taratibu bila kupunguza mwendo, na hilo ni gumu kuliko kupiga kwa fujo.

Anayeumia kwanza ni yeye mwenyewe, maana toazi liko karibu kabisa na sikio lake. Wataalamu wa afya hukadiria kuwa sauti ya desibeli 85 inavumilika kwa saa nane kwa siku. Kila inapoongezeka desibeli tatu, muda huo hupungua kwa nusu. Ikifika desibeli 100, na dramu hufika huko bila shida, zinabaki dakika 15 tu. Onyesho la dansi huchukua saa kadhaa.

Ndani ya sikio kuna seli ndogo zenye vinyweleo zinazopokea sauti. Zikifa haziotei tena. Dalili ya mwanzo ni mlio masikioni baada ya onyesho, ambao wengi huuita uchovu. Mara nyingi familia ndiyo hugundua kabla yake: baba anaongeza sauti ya televisheni, anauliza "unasemaje?" mara tatu, au anamsikia mtu lakini hashiki maneno.

Kinga ipo na si ghali. Vizibo vya sponji vya masikio huuzwa kwenye baadhi ya maduka ya dawa, pamba haitoshi. Vipo pia vizibo vya wanamuziki vinavyopunguza sauti bila kuufifisha muziki. Apumzishe masikio kati ya nyimbo, mbali na spika.

Wazazi wenye kijana anayepiga dramu kanisani nao wanahusika, kwani mazoezi ya katikati ya wiki huhesabika sawa na ibada ya Jumapili. Nyumbani anaweza kufanyia mazoezi kwenye kipande cha mpira au dramu zilizofunikwa taulo. Mlio ukidumu zaidi ya siku moja, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo.