Seva Zinaponyimwa Hifadhi: Uchunguzi Kabla ya Tiba

Katika hospitali nyingi za leo, jalada la karatasi limeanza kuondoka mezani. Usajili wa wagonjwa, majibu ya maabara, picha za eksirei na hesabu za duka la dawa hutunzwa katika seva. Seva zenyewe nazo zimebadilika. Badala ya kila kazi kuwa na mashine yake, kompyuta mbili au tatu zenye nguvu hubeba seva pepe nyingi. Seva pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu, na diski yake ni faili kubwa. Mara nyingi faili hiyo haikai ndani ya kompyuta inayoiendesha, yaani kompyuta mwenyeji, bali katika hifadhi ya pamoja inayofikiwa kwa njia ya mtandao.

Mpangilio huu una faida kubwa, kwani kompyuta mwenyeji moja ikiharibika, nyingine huweza kuendeleza kazi kwa kutumia faili zilezile. Hata hivyo, hifadhi ikikataa kufikiwa, seva zote huanguka kwa pamoja. Muuguzi hubaki mbele ya skrini isiyo na kitu, na daktari hawezi kuona mzio ulioandikwa jana wala dozi iliyotolewa asubuhi.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba, katika hali kama hiyo, kumbukumbu za wagonjwa kwa kawaida hazijapotea. Zipo, ila hazifikiwi. Madhara ya kudumu mara nyingi huletwa na haraka ya kutibu kabla ya kuchunguza. Uchunguzi hufuata hatua nne: njia, utambulisho, ruhusa na kufuli.

Njia

Huanzwa na yaliyo rahisi: kebo, swichi, na kama jina la hifadhi bado linatafsiriwa kuwa anwani sahihi ya mtandao. Kipimo kidogo cha mawasiliano kikijibu, isihitimishwe kuwa njia ni nzima. Baadhi ya mitandao ya hifadhi hupangwa kupitisha vifurushi vikubwa vya baiti 9000 badala ya 1500 vya kawaida. Swichi moja katikati ikiachwa kwenye mpangilio wa kawaida, vifurushi vidogo hupita na vikubwa hutupwa. Hifadhi huonekana hai, lakini kila faili inayofunguliwa hukwama. Dawa yake ni kupima kwa kifurushi cha ukubwa uleule unaotumika kazini.

Utambulisho

Tangu Windows Server ya mwaka 2012, mfumo wa Hyper-V umeweza kuweka seva pepe katika hifadhi inayotumia toleo la tatu la itifaki ya SMB. Hapa wengi hujikwaa. Aliyeweka mpangilio huzipa ruhusa akaunti za mafundi, ilhali anayefungua faili wakati wa kuiendesha seva ni kompyuta mwenyeji yenyewe, kwa akaunti yake ya mashine. Akaunti hiyo isipotajwa, fundi huiona faili na kuisoma, lakini seva hukataa kuwaka.

Saa nayo ni ya kuangaliwa mapema. Katika uthibitishaji wa Kerberos, tofauti inayovumiliwa kwa mpangilio wa kawaida ni dakika 5. Betri ndogo ya saa ikichoka, kompyuta iliyozimika ghafla huweza kuamka na tarehe ya zamani, ikakataliwa ingawa nywila na ruhusa zote ni sahihi.

Dalili nyingine hutatanisha zaidi. Fundi akiketi mbele ya kompyuta mwenyeji, huunda na kurekebisha seva pepe bila tabu. Akifanya hivyo kutoka ofisini kwake, hukataliwa. Sababu ni kwamba kompyuta mwenyeji haijaruhusiwa kuuwasilisha utambulisho wake mbele ya hifadhi kwa niaba yake. Inahitaji kibali cha uwakilishi, kilichowekewa mipaka ya huduma ya hifadhi hiyo tu.

Ruhusa

Hifadhi ya SMB ina malango mawili: ruhusa za kabrasha linaloshirikiwa na ruhusa za faili zenyewe. Lango lenye masharti makali zaidi ndilo linaloamua. Kwa upande wa itifaki ya NFS, hifadhi nyingi humshusha msimamizi mkuu wa mashine ya mbali kuwa mgeni asiye na haki. Kinga hiyo ni njema, lakini kompyuta mwenyeji za VMware zinazotumia toleo la tatu la NFS hufika zikiwa na cheo hichohicho cha msimamizi. Hivyo huhitaji kuondolewa katika sharti hilo, kwa anwani zao pekee.

Wakati simu za wodini hazikomi, hushawishi kumpa kila mtu ruhusa zote, au kurudisha toleo la kwanza la SMB ili kifaa cha zamani kifanye kazi. Seva itawaka, lakini majalada ya wagonjwa yatakuwa wazi. Mwezi Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilienea kupitia udhaifu wa toleo hilo la kwanza na kuvuruga hospitali nyingi nchini Uingereza. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti.

Kufuli

Seva pepe inapowaka, faili yake hufungwa ili kompyuta nyingine isiiandikie. Kompyuta mwenyeji ikipotea mtandaoni, huenda bado inaendesha seva ileile bila kuonekana. Anayeondoa kufuli kwa nguvu na kuiwasha seva kwingine huruhusu mikono miwili kuandika katika daftari moja, na hifadhidata huharibika kiasi kwamba ni nakala rudufu pekee inayoweza kuiokoa. Kwanza ithibitishwe kwa macho kwamba kompyuta ya awali imezimwa.

Umeme unaporudi

Kuna kosa la usanifu ambalo hujificha hadi umeme ukatike. Seva inayothibitisha utambulisho wa mashine zote nayo huwa imewekwa kama seva pepe ndani ya hifadhi hiyohiyo. Umeme ukirudi, hifadhi husubiri uthibitisho ili ifunguke, na seva ya uthibitisho husubiri hifadhi ili iwake. Hakuna inayotangulia. Kinga yake ni kuweka angalau seva moja ya uthibitisho, pamoja na huduma ya majina, katika diski ya ndani au mashine ya pekee.

Hospitali inayotegemea mfumo huu inapaswa kuwa na karatasi ukutani yenye anwani, mpangilio wa kuwasha na orodha ya akaunti zinazostahili ruhusa, kwa kuwa nyaraka zilizohifadhiwa ndani ya hifadhi iliyofungwa hazitasomeka. Kila badiliko liandikwe, moja kwa wakati, na lirudishwe lisipoleta nafuu. Wodini nako zibaki fomu za karatasi za dawa na vipimo, na watumishi wazoee kuzitumia, ili fundi apate muda wa kuchunguza bila mgonjwa kukosa dozi yake.