Taa ya sola Diff: Transista ipimwe kwa joto la mahali

Taa ya sola ikizimika kabla ya wakati wake, wa kwanza kulaumiwa huwa ni betri. Wakati mwingine betri haina hatia. Kilichoungua ni transista, kijitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na kimeungua kwa sababu aliyeipanga taa alisoma nambari iliyoandikwa kwa chumba chenye ubaridi, kisha akaipeleka taa mahali pa joto.

Nataka kueleza jambo hili kwa mfano wa Diff, mji mdogo wa Wajir Kusini ulioko mpakani mwa Kenya na Somalia. Huko joto la adhuhuri hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na chini ya paa la mabati huzidi hapo. Kipuri kikiharibika, Garissa si mtaa wa pili. Wala jambo hili si la Wajir peke yake. Mradi wa serikali wa KOSAP, wa kupeleka umeme wa jua mahali ambapo nyaya za taifa hazijafika, unahusu kaunti 14, na humo zimo Wajir na Garissa pamoja na Lamu, Tana River, Kilifi na Kwale. Hesabu ya Diff ni hesabu ya Kiunga na Kipini pia.

Kazi ya transista ndani ya taa

Balbu ya LED haitaki kupewa volti ovyo. Volti zikipanda kidogo tu, mkondo unaopita ndani yake hupanda sana, na balbu huungua. Kwa hiyo fundi huweka transista iwe chanzo cha mkondo thabiti: betri ikiwa imejaa au imepungua, balbu zipate mkondo ule ule.

Mfano wake ni mtu aliyeshika bomba la maji. Presha ikipanda, hulifunga kidogo. Ikishuka, hulifungua kidogo. Lakini bomba likishafunguliwa lote, hana la kufungua zaidi. Na presha ikizidi mno, mkono wake ndio unaoumia. Hiyo ndiyo mipaka miwili ya transista: wa chini ni wa volti, wa juu ni wa joto.

Tuchukue taa ya kawaida ya duka: balbu tatu za LED za wati 1, zimefuatana kwa mstari mmoja, kwa betri ya volti 12. Kila balbu hula karibu volti 3.2, jumla 9.6. Transista ni BD139, inayopatikana kwa mafundi wengi wa redio. Kwenye besi tunaweka dayodi mbili zilizofuatana, zinazoshikilia karibu volti 1.4. Transista yenyewe hukata kama 0.75, zikabaki 0.65 kwenye emita. Rizista ya emita ikiwa ni omu 2.2, gawanya 0.65 kwa 2.2 upate karibu ampea 0.3. Rizista ya kulisha dayodi na besi naipa omu 560, ya nusu wati, ili mkondo wa besi utoshe hata betri ikiwa chini.

Mpaka wa chini

Jumlisha: balbu 9.6, emita 0.65, na transista yenyewe haifanyi kazi vyema ikibakiwa na chini ya nusu volti. Jumla ni 10.75. Betri ikishuka chini ya hapo, bomba limefunguliwa lote. Mwanga huanza kufifia.

Usisahau waya. Waya wa milimita za mraba 0.75, wenye urefu wa mita 20 kutoka betri hadi taa, hupoteza karibu volti 0.3 kwenda na kurudi. Basi mpaka kwenye betri ni kama volti 11. Hili si baya, kwani betri ya asidi haifai kukamuliwa chini zaidi ya hapo. Lakini ukiongeza balbu ya nne ili mwanga uwe mwingi, balbu peke yake zitataka 12.8, na betri ya volti 12 inayotumika usiku haifiki hapo. Taa itawaka vizuri mchana paneli inapochaji, kisha ififie usiku inapohitajika.

Mpaka wa juu

Sasa tuje kwenye joto, ambapo ndipo taa nyingi huponzwa. Volti zote zinazobaki baada ya balbu na emita huangukia transista, na hugeuka joto.

Usiku betri ina kama volti 12.6. Zinazobaki ni 2.35, zidisha kwa 0.3 upate wati 0.7. Mchana paneli ikichaji, betri hufika 14.4. Zinazobaki ni 4.15, na joto ni wati 1.25.

Karatasi ya mtengenezaji inasema BD139 isiyo na bamba la kupozea hustahimili wati 1.25. Fundi akiona hivyo hufurahi: imetosha! Lakini asome mstari wote. Nambari hiyo ni ya hewa ya nyuzi 25. Kiini cha transista hakitakiwi kupita nyuzi 150, na bila bamba kila wati hukipandisha nyuzi 100 juu ya hewa iliyokizunguka. Ndani ya kisanduku kilichofungwa chini ya mabati, tuseme hewa ni nyuzi 55. Toa 55 kwenye 150, zinabaki 95. Basi transista ile ile sasa inastahimili wati 0.95 tu, nasi tunaipa 1.25. Kiini kitafika nyuzi 180.

Ndiyo maana taa yaweza kuwaka kila usiku bila shida, kisha ife siku mwenye duka anapoiwasha adhuhuri kwa sababu duka lina giza. Dawa ni bamba la alumini. Tukipata bamba linalopanda nyuzi 20 kwa kila wati, tukiongeza nyuzi 10 za njia ya ndani ya BD139 na 1 ya kihami, jumla ni 31. Zidisha kwa 1.25, ongeza 55: kiini kitakaa karibu nyuzi 94. Hapo taa imesalimika.

Joto likizaa joto

Lipo jambo jingine. Transista ikipata moto, ile 0.75 hupungua kwa karibu milivolti 2 kwa kila nyuzi. Kiini kikizidi dayodi kwa nyuzi 70, emita hupanda kutoka 0.65 hadi 0.79, na mkondo kutoka 0.3 hadi 0.36. Mkondo ukiongezeka, joto nalo huongezeka. Kwa hiyo dayodi moja igandishwe kwenye mwili wa transista, ziwe katika joto moja. Ikipata moto dayodi, nayo hupunguza volti za besi na kuurudisha mkondo nyuma.

Siku ya hitilafu

Mpaka wa mwisho ni wa siku mbaya. Nyaya za balbu zikigusana, wengi hutegemea fyuzi. Fyuzi haitakatika! Mkondo bado ni ampea 0.3, maana hiyo ndiyo kazi ya transista. Ila sasa volti zote, kama 13.75, zimeiangukia yenyewe: wati 4.1. Kwa bamba letu la nyuzi 20, BD139 itapita nyuzi 180. TIP31C, ambayo njia yake ya ndani ni nyuzi 3 tu kwa wati, ikipewa bamba la nyuzi 12 itakaa karibu 121. Kwa taa ya zahanati au ya chumba cha mzazi, mimi ningeweka hiyo bila kujadiliana. Tofauti ya bei ni ndogo mno ukilinganisha na safari ya kutafuta kipuri.

Bamba lenyewe litunzwe. Diff adui yake ni vumbi linaloziba njia ya hewa. Kwetu pwani ni chumvi. Lifutwe, na kisanduku kiwe na matundu chini na juu ili hewa moto ipate pa kutokea.

Basi anayenunua taa, na hasa anayenunua nyingi kwa niaba ya umma, amuulize muuzaji maswali matatu. Betri ikishuka hadi volti 11 mwanga utabaki ule ule? Kisanduku kikifika nyuzi 55 wakati wa kuchaji, transista itastahimili wati ngapi? Nyaya za balbu zikigusana, nini kitaungua? Muuzaji akijibu kwa nambari, amefanya hesabu yake. Akijibu kwamba taa ni ya wati 3 na ina dhamana, hajajibu swali hata moja.