Bayolojia ya Uzazi wa Lusina na Nafasi Yake katika Uzalishaji wa Aina Bora za Malisho

1.0 Utangulizi
Lusina (Leucaena leucocephala) ni mti wa jamii ya kunde wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Majani yake yenye protini nyingi hulishwa mifugo katika nchi nyingi za tropiki. Mwaka 1984 mdudu mdogo afyonzaye utomvu wa vichipukizi, Heteropsylla cubana, alionekana Hawaii. Kufikia mwaka 1992 alikuwa ameingia Kenya na Tanzania. Makala hii inajadili kwa nini mdudu mmoja aliweza kudhuru lusina karibu kila ilikopandwa. Hoja inayotolewa ni kwamba chanzo cha udhaifu huo, na njia ya kuuondoa, vyote vimo katika uzazi wa mti wenyewe.

2.0 Uzazi wa lusina
Lusina ni tetraploidi yenye kromosomu 104. Maua yake madogo meupe hukusanyika katika kichwa cha duara, na huweza kurutubishwa kwa chavua yao wenyewe. Hivyo, hata mti uliosimama peke yake huzaa. Sifa hiyo iliwezesha mbegu chache zilizotoka Mexico kuenea tropiki nzima, lakini miti iliyotokana nazo ilikuwa na tofauti ndogo sana za kijenetiki. Palipokosekana tofauti, palikosekana pia ukinzani.

3.0 Uzalishaji wa chotara
Leucaena pallida, nayo ya Mexico, huvumilia mdudu huyo. Ina kromosomu 104 vilevile, kwa hiyo chotara yake na lusina huwa na rutuba. Kuondoa stameni kwa mkono katika maua madogo kiasi hicho ni kazi ngumu; hata hivyo, pallida hukataa chavua yake yenyewe. Miti ya klonu moja ya pallida ikipandwa katikati ya lusina, mbegu zinazovunwa kwenye pallida huwa chotara. Chotara ya spishi hizo mbili, iitwayo KX2, iliendelezwa katika Chuo Kikuu cha Hawaii.

Tatizo ni kwamba mbegu za KX2 hutoa miche isiyofanana, na majani ya pallida hayameng'enywi vizuri kama ya lusina. Kwa sababu hiyo, Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kiliichavusha KX2 upya kwa lusina na kuchagua vizazi vilivyofuata, hadi ikapatikana aina ya Redlands, inayovumilia mdudu.

4.0 Tatizo la uvamizi
Wingi wa mbegu umeifanya lusina ihesabiwe miongoni mwa spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani. Ikichavushwa na Leucaena esculenta yenye kromosomu 52, hupatikana triploidi yenye kromosomu 78, ambayo ni tasa. Hata hivyo, triploidi hiyo haina budi kuzalishwa kwa vikonyo au kwa kuunganisha, njia zenye gharama kwa mfugaji mdogo.

5.0 Hitimisho
Uwezo wa kujirutubisha humpa mfugaji mbegu zake mwenyewe, na uwezo huohuo huleta gugu. Kwa hiyo, uteuzi wa aina uzingatie matumizi. Pale majani yanapokatwa na kupelekwa zizini kabla miti haijachanua, aina inayojirutubisha inafaa. Kandokando ya mito na katika malisho ya wazi, ambako miti huachwa ikomaze mbegu, utasa unastahili gharama yake.